Bonde la Marundo Elfu Kumi ya Majani

Kaskazini mwa nchi ya Marekani, mpakani na Kanada, liko jimbo liitwalo Montana. Ukubwa wake ni kama thuluthi mbili za Kenya, lakini watu wake ni zaidi kidogo ya milioni 1 tu, na ng'ombe wake wapita milioni 2. Ndiyo kusema, kila mtu katika jimbo hilo, hata mtoto mchanga alalaye kitandani, aweza kuhesabiwa ng'ombe wawili.

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Montana liko bonde pana lililozungukwa na milima, nalo huitwa Big Hole, yaani Shimo Kubwa. Wawindaji wa zamani walikuwa na desturi ya kuita mabonde ya namna hiyo mashimo, na jina likabaki. Katikati ya bonde unapita mto wenye jina hilo hilo, na kando ya mto vimeota vichaka vya mierebi. Kuna vijiji vichache tu. Kimoja chaitwa Wisdom, maana yake Hekima, na wakazi wake ni kama watu 100. Kimo cha bonde hili ni karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambacho hakipitani sana na kimo cha Nakuru. Lakini msomaji asidhani kwamba hali ya hewa yake ni kama ya Nakuru. Katika bonde la Big Hole umande waweza kuganda katika mwezi wo wote wa mwaka, hata katikati ya kiangazi, na wakati wa baridi theluji hulala juu ya ardhi miezi mitano au zaidi.

Baridi ya Montana si jambo la kuelezwa kwa urahisi kwa mtu asiyeiona. Tarehe 20 Januari 1954, katika mahali paitwapo Rogers Pass, kipimo kilishuka hadi nyuzi 57 za Selsiasi chini ya kiwango cha maji kuganda. Katika majimbo yote ya Marekani, isipokuwa Alaska, hakijapata kupimwa kiwango cha chini kuliko hicho. Tena hali hubadilika kwa ghafula. Mwezi wa Januari 1972, katika kijiji cha Loma, kipimo kilipanda toka nyuzi 48 chini ya sifuri mpaka nyuzi 9 juu yake kwa muda wa saa 24, kwa sababu ulivuma upepo wa joto ushukao milimani, ambao wenyeji huuita chinook.

Mgeni afikaye Big Hole mara ya kwanza huuliza swali moja: ng'ombe huishije hapa? Maana hawafungiwi ndani ya nyumba. Wengi wao hukaa nje usiku na mchana, miguu yao ikiwa ndani ya theluji, na migongo yao ikiwa imefunikwa theluji pia. Jawabu la swali hilo liko mbele ya macho yake. Kila upande wa bonde husimama marundo makubwa ya majani makavu, mengine yana kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Kwa sababu hiyo watu wamelipa bonde hili jina la pili, nalo ni Bonde la Marundo Elfu Kumi.

Lakini hekima hiyo haikupatikana bure, bali ilinunuliwa kwa hasara kubwa.

Miaka ya 1880 matajiri wengi walileta makundi makubwa ya ng'ombe katika nyika za Montana, Wyoming na Dakota. Majani yalikuwa ya bure, ardhi haikuwa na ua, na fedha zilitoka hata Uingereza na Scotland. Kila mtu alifanya hesabu ya faida, wala wachache tu walifanya hesabu ya majani. Ng'ombe waliachwa kujitafutia chakula mwaka mzima, na kwa kuwa majira machache ya baridi yalikuwa mapole, watu walidhani kwamba mambo yatakuwa hivyo siku zote.

Kiangazi cha mwaka 1886 kilikuwa kikavu sana. Majani yalikuwa haba, na ng'ombe walikuwa wengi kupita kiasi, hata wakaingia katika majira ya baridi wakiwa wamekonda. Theluji ilianza mapema mwezi wa Novemba. Baadaye ukaja upepo wa joto, ukaiyeyusha theluji ya juu, kisha baridi ikarudi na maji yale yakaganda yakawa kama kioo juu ya majani. Ng'ombe walipokwangua kwa kwato na pua zao ili wafikie chakula, barafu iliwakata miguu. Mwezi wa Januari 1887 ilikuja tufani kubwa ya theluji iliyodumu siku nyingi. Ng'ombe wana tabia ya kuupa upepo mgongo na kwenda nao. Basi walikwenda hivyo mpaka walipozuiwa na ua wa seng'enge au walipotumbukia katika makorongo, wakasongamana na kufa mahali pale pale.

Wakati huo kijana mmoja aliyeitwa Charles Russell alikuwa mchunga ng'ombe katika eneo la Judith Basin. Mwenye ng'ombe alikuwa mbali mjini, akapeleka barua kuuliza hali ya kundi lake. Katika kujibu, Russell alichora picha ndogo ya ng'ombe mmoja aliyebaki mifupa na ngozi, amesimama katika theluji, na mbwa-mwitu wakimngojea aanguke. Picha ile ilisema yote. Baadaye Russell akawa mmoja wa wachoraji mashuhuri wa Marekani.

Masika yalipofika na barafu ikayeyuka, mito ilichukua mizoga mingi kama inavyochukua magogo wakati wa mafuriko. Wako waliopoteza nusu ya ng'ombe wao, na wako waliopoteza karibu wote. Makampuni mengi yalifilisika. Granville Stuart, aliyekuwa mfugaji maarufu sana Montana, alichukizwa na kazi hiyo, akasema kwamba hataki kamwe kumiliki tena mnyama ambaye hawezi kumpa chakula na mahali pa kujikinga. Maneno yake yakawa kama sheria kwa wale waliobaki. Tangu siku zile mfugaji wa Montana ni mkulima wa majani kwanza, kisha ndipo awe mfugaji wa ng'ombe.

Katika Big Hole kazi ya majani huanza mwezi wa Julai na kuendelea mwezi wa Agosti, wakati jua ni kali na hakuna mtu anayekumbuka baridi. Majani hukatwa, huachwa yakauke, hukusanywa kwa reki kubwa, na hupelekwa mahali pa kurundikwa. Karibu na mwaka 1910 wafugaji wawili wa bonde hili walitengeneza mtambo wa miti mirefu, wenye mteremko kama paa la nyumba, na kimo chake ni kama mita 9. Kapu kubwa lililojaa majani huvutwa kwa kamba ya chuma mpaka juu ya mteremko, na hapo majani huanguka upande wa pili, moja kwa moja juu ya rundo. Zamani kapu hilo lilivutwa na farasi. Siku hizi wengi hutumia trekta au gari. Rundo moja lililojengwa vizuri huwa na tani 20 hivi. Halihitaji kuezekwa, maana majani ya juu hulala kama makuti, na maji ya mvua huteremka kando bila kuingia ndani. Wafugaji wengi wameacha mtambo huo na kununua mashine za kufunga majani katika marobota, lakini wako ambao bado wanautumia, kwa kuwa miti ipo karibu na gharama yake ni ndogo.

Hesabu ya mfugaji si ngumu. Ng'ombe jike mkubwa hula karibu kilo 12 za majani makavu kwa siku. Katika siku 150 za baridi atakula kilo 1,800. Mwenye busara huweka tani 2 kwa kila ng'ombe, ili ziada iwe kinga ya mwaka mbaya. Basi mwenye ng'ombe 100 ahitaji tani 200, yaani marundo 10. Ikiwa mwisho wa Agosti amehesabu marundo 8 tu, ana njia mbili: kununua majani mapema kabla bei haijapanda, au kuuza ng'ombe 20. Njia ya tatu, ya kungoja na kutumaini, ilijaribiwa mwaka 1886.

Kwa sababu hiyo, kabla ya theluji kuanguka, kila ng'ombe hupitishwa katika kijia chembamba cha miti na kukaguliwa. Mganga wa mifugo hupima kama ana mimba. Meno hutazamwa, maana mzee asiye na meno hawezi kutafuna majani magumu. Mkono hupitishwa juu ya mbavu na mgongo ili kujua kama ana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Asiye na mimba na asiye na meno huuzwa, ili chakula chake kiwafae wengine. Aliyekonda hutengwa na kulishwa zaidi wakati hewa ingali na joto, kwa kuwa kumnenepesha mnyama katikati ya baridi ni kama kujaza mtungi uliotoboka.

Wataalamu wa mifugo wamechunguza sana jinsi ng'ombe anavyojikinga na baridi. Mnyama mwenye afya, aliyeshiba, na mwenye manyoya mazito makavu, haoni taabu mpaka kipimo kishuke kufika nyuzi 7 chini ya sifuri. Lakini manyoya yake yakilowa, ataanza kuona taabu hata kwenye nyuzi 15 juu ya sifuri, ambayo ni hali ya asubuhi ya kawaida katika nyanda za juu za Kenya. Manyoya makavu hushika hewa kama blanketi. Manyoya mabichi hulala juu ya ngozi na kuutoa ujoto nje. Kwa hiyo adui mkubwa wa ng'ombe si baridi peke yake. Ni baridi ikichanganyika na maji na upepo.

Kila kipimo kinaposhuka nyuzi moja chini ya kile kiwango cha nyuzi 7, ng'ombe mkavu huhitaji nguvu ya chakula zaidi kwa kadiri ya sehemu 2 katika 100. Katika usiku wa nyuzi 22 chini ya sifuri, yule aliyekula kilo 12 atahitaji karibu kilo 16. Na chakula kinachofaa wakati huo ni majani mengi, si nafaka nyingi kwa ghafula. Majani yakiwa tumboni huchacha polepole, na kuchacha huko hutoa joto. Mtu aweza kusema kwamba tumbo la ng'ombe ni jiko lake, na majani ndiyo kuni. Wafugaji wengi hulisha alasiri au jioni, ili moto huo uwake usiku, wakati baridi ni kali zaidi.

Asubuhi katika Big Hole kazi huanza kabla ya jua kuchomoza. Siku hizi trekta ni nyingi, lakini wako wafugaji ambao wangali wakifunga farasi wawili wakubwa katika gari lisilo na magurudumu, ambalo huteleza juu ya theluji. Wao husema kwamba farasi huwaka kila asubuhi bila ufunguo, hata siku ambayo mafuta ya trekta yameganda. Mtu mmoja huwaongoza farasi, na mwingine husukuma majani kwa uma, yakaanguka katika mstari mrefu. Kila siku hupanga mstari mahali papya penye theluji safi. Hivyo ng'ombe hawali juu ya kinyesi chao, samadi huenea shamba zima, na wanyama hulazimika kutembea, jambo ambalo ni zuri kwa miguu na kwa mimba.

Baada ya majani huja maji. Barafu ya mtoni au ya birika hupasuliwa kwa shoka, wakati mwingine mara mbili kwa siku. Ni kweli kwamba ng'ombe waliozoea waweza kulamba theluji laini, lakini ikiwa ngumu haiwatoshi. Na ng'ombe asiyekunywa hupunguza kula, na asiyekula jiko lake huzimika.

Tena kuna kinga ya upepo. Mierebi ya kando ya mto husaidia sana, na pasipo na miti watu hujenga ukuta wa mbao. Jambo la ajabu ni kwamba ukuta ulioziba kabisa si mzuri, kwa kuwa upepo hupanda juu yake kisha huanguka kwa nguvu nyuma yake na kumwaga theluji pale pale walipo ng'ombe. Ukuta unaofaa huzibwa sehemu 4 katika 5, na sehemu 1 huachwa wazi kwa nyufa. Upepo hupita umepungua nguvu, na ukuta wa mita 3 huweza kukinga eneo la mita 24 hadi 30 nyuma yake. Chini hutandazwa majani ya ngano ili kiwele na chuchu zisiguse barafu, maana chuchu iliyoganda hupasuka, na mama mwenye chuchu mbovu humpiga teke ndama wake. Mafahali nao huangaliwa, kwa kuwa korodani zikiganda fahali aweza kuwa tasa. Na wale wachache wafungiwao nyumbani huachiwa madirisha ya hewa, kwa maana hewa nzito yenye unyevu huleta ugonjwa wa mapafu upesi kuliko baridi yenyewe.

Wakati wa wasiwasi mkubwa ni wakati wa kuzaa, mwezi wa Februari na Machi. Ndama hutoka tumboni mwa mama yake akiwa amelowa, na huangukia theluji. Asipokaushwa na asipopata dang'a mapema, hafiki asubuhi. Kwa hiyo mtu huzunguka kundi usiku kucha, kila saa mbili au tatu, akiwa na taa mkononi. Akimkuta ndama amelala kimya, humtia kidole kinywani. Kinywa kikiwa na joto, hukaushwa kwa gunia na kusimamishwa anyonye. Kinywa kikiwa baridi, hapana wakati wa kupoteza: hubebwa mpaka nyumbani, akatiwa katika maji ya joto kadiri ya joto la mwili wake, akakaushwa kabisa, akapewa dang'a katika saa za kwanza. Mama wengi wa nyumba za Montana wamepata kupika chai huku ndama akiwa amelala karibu na jiko. Waliookolewa kwa kuchelewa huonekana kiangazi wakiwa na masikio mafupi, kwa kuwa ncha ziliganda na kukatika.

Miaka ya 1970 mfugaji mmoja wa Manitoba, Kanada, jina lake Gus Konefal, aligundua kwamba akiwalisha ng'ombe wake wenye mimba jioni, wengi wao huzaa mchana. Jambo hilo limejaribiwa na wengine na kuonekana kuwa kweli, na limewapunguzia watu wengi kazi ya usiku. Wengine wamefanya zaidi ya hayo: wamechelewesha kupandisha, ili ndama wazaliwe Aprili au Mei wakati majani mabichi yanaota. Ndama wao huwa wadogo wakati wa kuuzwa, lakini huwa wengi, na majani yanayotumika ni machache. Juu ya jambo hilo wafugaji wa Montana hawajapatana, na kila mmoja hufuata hesabu ya shamba lake.

Wala mtu asidhani kwamba ujuzi huu wote umeondoa hatari. Mwanzo wa Oktoba 2013, katika jimbo jirani la South Dakota, ilinyesha mvua baridi, kisha ikafuata tufani ya theluji na upepo mkali. Ng'ombe walikuwa bado katika malisho ya kiangazi yasiyo na miti, na manyoya ya baridi yalikuwa hayajaota. Walilowa kwanza, ndipo wakapigwa na upepo. Maelfu mengi wakafa kwa siku chache. Wenyewe hawakuwa wazembe. Majani yalikuwa tayari ghalani, ila tufani iliwahi. Baada ya msiba huo wafugaji wa majimbo mengine walitoa mitamba yao wenyewe wakawapelekea jirani waliopoteza makundi. Katika nchi ya baridi, akiba ya mwisho ya mtu ni jirani yake.

Kati ya watu waliopata hasara ya mwaka 1887 alikuwamo kijana mmoja aliyefuga ng'ombe katika Dakota, jina lake Theodore Roosevelt. Alipoteza zaidi ya nusu ya kundi lake, akarudi mashariki kwa kazi ya siasa, na mwaka 1901 akawa Rais wa Marekani. Alipomaliza kazi hiyo aliteremka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, akapanda gari la moshi mpaka nyanda za Kapiti, kusini-mashariki ya Nairobi, ili awinde. Katika nyanda hizo hizo, hivi leo, shirika la kimataifa la utafiti wa mifugo liitwalo ILRI lina shamba kubwa la kuchunguza mambo ya ng'ombe na malisho.

Theluji haianguki Kapiti. Lakini ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliua wanyama zaidi ya milioni 2 katika Kenya, na waliokufa walikufa kwa njia ile ile ya Montana: kwanza majani yaliisha, kisha nguvu ikaisha, na mara nyingi mvua baridi ya kwanza iliyotazamiwa kwa hamu ndiyo iliyowaangusha wale waliobaki mifupa. Baridi ya Kenya ni kiangazi. Hata hivyo majani yaotayo baada ya mvua ndefu hukauka yakiwa yamesimama, yakaliwa na mchwa au kuchomwa moto, na mwenye ng'ombe huyapita kila siku akienda sokoni.

Katika Wisdom, mwisho wa mwezi wa Agosti, mzee wa nyumba hutoka jioni akasimama mlangoni na kuhesabu marundo yake kwa kidole. Kisha huhesabu ng'ombe. Hesabu hizo mbili zikipatana, huingia ndani akalala. Zisipopatana, kesho yake asubuhi hupeleka ng'ombe mnadani, ingawa majani ya bonde bado ni mabichi na jua lawaka.